Julepu: kinywaji cha mabwana kilichotengenezwa na watu wasio na majina

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Mei, mji wa Louisville, jimbo la Kentucky kule Marekani, unapagawa. Ni siku ya Kentucky Derby, mbio za farasi zilizoanza mwaka 1875. Wadada wanatupia kofia kubwa kama ungo, wakaka wanavaa suti za rangi zote, na mikononi kinatawala kinywaji kimoja: mint julep, yaani julepu ya mnanaa. Kwa siku mbili tu za mbio zinauzwa karibu glasi 120,000. Si mchezo!

Wakati huo kwao ni majira ya kuchipua. Baridi imeisha, mnanaa umejaa bustanini, na watu wanatoka nje kupiga stori vibarazani.

Sasa wadau, ukiuliza nani alikipa umaarufu kinywaji hiki, utaonyeshwa picha ya mzungu tajiri amekaa kwenye kiti, glasi mkononi. Aliyeponda barafu hayumo kwenye picha. Leo stori ni yake.

JINA LIMETOKA MBALI

Neno lenyewe lina asili ya Uajemi. Wao walisema gulab, maana yake maji ya waridi. Waarabu wakalichukua wakasema julab, Ulaya ikawa julep. Ndiyo, ni maji ya waridi yale yale yanayonyunyiziwa wageni kwenye harusi za pwani yetu. Ulaya julepu ilikuwa shira tamu ya kumezea dawa chungu. Kumbe ilianzia kwa mganga, siyo baa!

Ilipovuka bahari kwenda Virginia, dawa ikageuka starehe. Mwaka 1803 msafiri mmoja Mwingereza aliandika kuwa ni pombe kali yenye mnanaa ambayo watu wa Virginia huinywa asubuhi. Yaani supu yao ya asubuhi ndiyo hiyo. Enzi hizo walitumia zaidi ramu au brandi, wiski ya bourbon ikaja kushika usukani baadaye.

BARAFU ILIKUWA HELA

Kumbuka hapakuwa na friji. Barafu ilikatwa kwenye mito na mabwawa yaliyoganda wakati wa baridi, ikafukiwa kwenye mashimo yenye majani makavu au vumbi la mbao ili ifike mpaka joto. Kuanzia mwaka 1806 mfanyabiashara mmoja wa Boston akaanza kuisafirisha kwa meli kwenda nchi za joto, na watu wakamcheka kabla hajatajirika.

Kwa hiyo kumpa mgeni glasi iliyojaa barafu mwezi wa joto ilikuwa kujionyesha. Ni kama leo mtu aweke funguo za gari kali mezani. Na kule Virginia kazi ya kukata, kubeba na kuponda barafu hiyo ilikuwa mara nyingi ya mtumwa.

MTU WA KAUNTA ALIYEJINUNUA

Hapa ndipo stori inapouma. Mmiliki wa mtumwa mwenye ujuzi alikuwa anamkodisha kwa hoteli. Mtumwa anachapa kazi, mshahara unaenda kwa mmiliki. Kilichoweza kubaki mkononi mwake ni bakshishi za wateja, au hela ya muda wa ziada kama mmiliki ameridhia. Ujuzi ni wako, mikono ni yako, ila faida ya mwingine.

Wengi wa watu hao wa kaunta wamebaki kwenye kumbukumbu kwa jina la kwanza tu, au hawamo kabisa. Jina la hoteli lipo, la bwana lipo, la aliyetengeneza hakuna.

Mmoja aliyeponyoka kwenye usahaulifu ni John Dabney wa Richmond. Alizaliwa mtumwa, akakodishwa kwenye hoteli, na julepu zake zilizojaa barafu zikawa gumzo la mji. Mwaka 1860 mtoto wa malkia wa Uingereza, aliyekuja kuwa mfalme Edward VII, alipopita Richmond, inasimuliwa kuwa julepu aliyoandaliwa ilitoka mikononi mwa Dabney.

Huku nyuma Dabney alikuwa anadunduliza hela ajinunue mwenyewe. Mara akasikia mkewe anataka kuuzwa. Akasimamisha kujikomboa, akamkomboa mke kwanza. Na hapo kulikuwa na jambo kubwa kuliko mapenzi: kwa sheria ya Virginia tangu mwaka 1662, mtoto alifuata hali ya mama. Mama akiwa huru, watoto wanazaliwa huru.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaisha mwaka 1865, utumwa ukafutwa. Deni lake la kujinunua halikuwa tena na nguvu kisheria. Dabney akalilipa hata hivyo. Unaweza kumwona mjinga au mwenye msimamo, ila tangu hapo hakuna aliyetilia shaka neno lake mjini.

TUKUTANE LOUISVILLE

Derby ya kwanza ya mwaka 1875 ilikuwa na wapanda farasi 15, na 13 kati yao walikuwa weusi. Mshindi naye mweusi. Miaka ilivyosonga, ubaguzi ukawasukuma nje ya uwanja.

Kwenye kaunta, Tom Bullock, mtoto wa Louisville, alitoa kitabu cha vinywaji mwaka 1917, cha kwanza kujulikana kuandikwa na Mmarekani mweusi. Miaka minne kabla, rais mstaafu Theodore Roosevelt alishtaki gazeti lililomwita mlevi, akadai mahakamani kuwa julepu alionja kidogo tu. Gazeti moja la St. Louis likamcheka: nani anaweza kuonja julepu ya Tom akaiacha? Pamoja na sifa hiyo, mwaka 1920 pombe ikapigwa marufuku nchi nzima, na kaunta zikafungwa.

UKITAKA KUJARIBU NYUMBANI

Kama umetimiza miaka 18, chukua majani 8 hadi 10 ya mnanaa na kijiko kimoja cha shira ya sukari. Kandamiza majani taratibu kwenye glasi, usiyasage, yakichanika yanatoa uchungu. Funga barafu kwenye kitambaa safi, iponde kwa mchi mpaka iwe chenga. Jaza glasi, mimina bourbon mililita 60, koroga mpaka glasi itoke ukungu nje, ongeza barafu juu, chomeka tawi la mnanaa karibu na pua. Usiyekunywa pombe, weka chai ya rangi iliyopoa badala ya bourbon. Inakubali vizuri tu.

Ukishika glasi hiyo ya baridi, kumbuka kuna mtu alinunua uhuru wa mke wake kwa glasi kama hiyo, moja baada ya nyingine.

Je wadau, ungekuwa wewe Dabney, lile deni ungelilipa?