Kobe wa 1967 na Mteremko wa Masama

Mwaka 1967 haukuwa mwaka mdogo kwa Tanzania. Mwezi wa Februari lilitangazwa Azimio la Arusha. Mwezi wa Machi Mwalimu Julius Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, ulioilaumu shule iliyorithiwa kwa mkoloni na kutaka mtoto ajifunze kwa kufanya, kuuliza na kuamua. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Hayo yamekwisha kuandikwa sana. Lisilosimuliwa mno kwa Kiswahili ni kwamba mwaka uleule, ng'ambo ya bahari, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, watu watatu walikuwa wakitunga lugha ya kuiamuru kompyuta, na waliowakusudia ni watoto wadogo. Watu hao ni Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na Seymour Papert. Lugha yao waliiita Logo, kutokana na tamko la Kiyunani lenye maana ya neno.

Papert alikuwa mtoto wa Afrika. Alizaliwa Pretoria mwaka 1928, akasoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akawa miongoni mwa waliopinga ubaguzi wa rangi. Baadaye alihamia Ulaya, na kuanzia 1958 hadi 1963 alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mwanachuoni aliyetumia umri wake kuchunguza jinsi mtoto anavyofikiri. Kwa Piaget alipata rai ambayo msomaji wa waraka wa Nyerere hataiona ngeni: mtoto si mtungi wa kujazwa maji, hujenga maarifa yake mwenyewe kwa kukishika kitu, kukigeuza, kukiharibu na kukitengeneza upya.

Wapenzi wa mashairi wapaswa kujua kwamba Logo ilianza na maneno kabla ya maumbo. Watoto wa mwanzo waliiamuru kompyuta iokote nomino hapa na kitenzi pale, iviunge, itoe sentensi. Katika kitabu chake cha 1980, Mindstorms, Papert anasimulia habari za msichana ambaye siku nyingi hakuona faida yoyote ya sarufi, mpaka alipotaka mashine imtungie kitu kinachofanana na shairi. Hapo ndipo alipotambua kwa nini nomino zimewekwa kundi lake na vitenzi kundi lake: bila ya kuyatenga, mashine humwaga maneno ovyo. Shairi ndilo lililomfunza sarufi. Wazee wa pwani, waliosomesha kwa tenzi tangu zamani, wasingestaajabu.

Kisha akaja kobe. Asili yake ni Bristol, Uingereza, ambako mnamo 1948 na 1949 Grey Walter aliunda vyombo vidogo vyenye magurudumu, vikitambaa sakafuni kufuata mwanga, naye akaviita kobe. Watu wa Logo walilichukua jina hilo wakakipa chombo chao kalamu tumboni, ili kila kinapopita kiache mstari. Baadaye kobe alipanda kwenye kioo cha kompyuta, akawa alama ndogo tu. (Visiwani mtu ataka kujua kwanza: ni kobe au kasa? Kwa kuwa chatembea nchi kavu, na kwa pole, na kobe wa Changuu tunao tangu walipoletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, basi na awe kobe.)

Kobe huyu ana mambo mawili tu anayoyajua: mahali alipo na upande anaoutazama. Akiambiwa MBELE 50 huenda. Akiambiwa KULIA 90 hageuki zaidi wala pungufu ya nyuzi tisini. Kwa amri hizo mbili mraba hupatikana hivi:

RUDIA 4 [MBELE 50 KULIA 90]

Mtunzi wa mashairi ataitambua RUDIA mara moja, maana ni ndugu yake kibwagizo. Maneno ya kibwagizo hayabadiliki, lakini kila yanaporudi hukuta ubeti umekwisha kusogea, na maana yake nayo imesogea. Ndivyo ilivyo KULIA 90: ni amri ileile mara nne, ila kila inaposomwa kobe anatazama upande mwingine.

Utamu wa somo, hata hivyo, umo katika pembetatu. Mtoto aliyekwisha fundishwa ubaoni kwamba pembetatu yenye mbavu sawa ina pembe za nyuzi 60 huamuru KULIA 60 mara tatu, na kwa yakini kabisa husubiri pembetatu. Haipati. Hupata mistari mitatu iliyopinda kama nusu ya sega la nyuki, haijafunga. Ubao haukusema uongo, na kobe hakukosea. Pembe ya ndani ya umbo ni 60, lakini anayetembea juu ya mstari haigeuki pembe ya ndani. Hugeuka ile iliyobaki, 120. Ili kuliona hilo mwalimu wa Logo humwambia mtoto ainuke kitini, awe kobe, atembee pembetatu sakafuni kwa miguu yake. Akirudi alipoanza, akiutazama upande alioutazama mwanzo, mwili wake umezunguka duara zima: 120 mara tatu, ndiyo 360. Kwa mraba ni 90 mara nne. Kwa umbo la mbavu tano ni 72 mara tano. Na nyota ya ncha tano, ile inayochorwa kwa mkono usioinuka, hutaka 144 kila ncha, jumla 720, kwa sababu anayeitembea huzunguka mara mbili kabla ya kufika. Sheria hiyo haikukaririwa na mtu. Imetoka miguuni.

Somo la namna hii, ambalo miguu ndiyo huanza na mashine hufuata, lingeweza kusomeshwa Masama tangu mwaka ule wa 1967. Tena huko lingekuta mambo ambayo Cambridge hayakuwapo.

Masama ipo katika Wilaya ya Hai, ubavu wa kusini-magharibi wa Kilimanjaro, magharibi ya Machame. Ni nchi ya vihamba vya migomba na kahawa, iliyokatwa na mabonde marefu yanayoshuka kutoka msituni. Nyumbani watoto husema Kimashami, shuleni, Kiswahili. Na nchi yenyewe imelala mshazari. Wenyeji wa mteremko kama huu huelekezana kwa juu na chini, upande wa mlima na upande wa tambarare, wala mlima haubadilishi mahali kwa sababu mtu amegeuza uso. Mwongozo huo ni wa jamaa moja na ule wa nahodha. Dira ya mabaharia wa bahari yetu, iliyogawiwa mafungu 32 kwa mawio na machweo ya nyota, kila fungu likiwa nyuzi kumi na moja na robo, nayo haijali nahodha ameketi vipi. Kaskazi ni kaskazi. Kobe ni wa mila nyingine: kulia kwake ni kulia kwake yeye, na akija anakutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Mtoto anayemwamuru hana budi kuihama nafsi yake na kuingia ndani ya kobe. Mtoto wa Masama na mtoto wa Pemba wote wawili watakwama hapo kidogo, kwa sababu moja, nao wakishapita watakuwa na njia mbili za kuijua dunia badala ya moja.

Pembe ndogo nazo si ngeni mlimani. Mifongo ya Wachaga, yaani mifereji inayochukua maji ya mito juu kabisa makorongoni na kuyapitisha ubavuni mwa vilima mpaka vihambani, ilichimbwa vizazi vingi kabla ya kufika kipimo chochote cha Kizungu. Mfereji ukilazwa mno, maji husimama. Ukiinamishwa mno, hula udongo na kuutoboa ukingo. Waliochimba waliyafuata maji yenyewe, wakayaacha yawaambie. Charles Dundas, afisa Mwingereza aliyeandika kitabu juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924, hakuficha mshangao wake. Na vijana wa Kichaga wa zamani, walipofundwa, walisomeshwa kwa fimbo ya mregho iliyochongwa alama; mwalimu alipita alama hadi alama, kila moja na mafunzo yake. Mafundisho hayo yalikusanywa na mmisionari Bruno Gutmann katika majuzuu matatu yaliyotoka kati ya 1932 na 1938. Kuiita fimbo hiyo kompyuta kungekuwa mzaha. Lakini wazo la kwamba hatua za jambo zaweza kuchongwa kwa utaratibu nje ya kichwa, zikafuatwa na mwingine, halikuhitaji kuletwa kwa meli.

Kilichotakiwa kuletwa kwa meli kilizuiwa. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965, na hesabu zilizotegemewa ziwe nyepesi zikavurugika. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni, jambo linalochekesha kidogo visiwani, ambako miaka ileile watu walikuwa wakitazama televisheni ya rangi. Marufuku hayo yalikuwa na hoja: fedha za kigeni zilikuwa haba, na mashine ile ilikuwa imeitia Hazina hasara. Lakini yalichukulia kompyuta kuwa chombo cha mhasibu tu. Yalipokuwa bado yanasimama, mwaka 1982, Papert na wenzake walipeleka kompyuta ndogo kwa watoto wa shule wa Dakar, Senegali, kwa msaada wa serikali ya Ufaransa, na mtoto wa Kiafrika akawa anamwamuru kobe. Hai haikuwamo. Marufuku yalilegezwa polepole, hata miaka ya 1990 yakawa yamekwisha.

Baada ya hapo mashine zilikuja, na swali likawa lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Rwanda, kuanzia 2008, iligawa shuleni kompyuta ndogo za watoto kwa malaki, ndani yake mkiwa na mchezo uliomrithi kobe wa Logo. Scratch, mjukuu mwingine wa Logo uliozaliwa Massachusetts mwaka 2007, una Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Kenya mwaka 2022 iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari. Visiwani kwetu, Sera ya Elimu ya 2006 iliagiza hisabati na sayansi zihamie Kiingereza kuanzia darasa la tano, yaani kwenye umri uleule ambao mtoto huanza kuuelewa mzunguko wa nyuzi 360. Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Mtoto anayehangaika na neno la kugeuka hana nafasi ya kuhangaika na kugeuka kwenyewe.

Na neno letu la kipimo hicho ni zuri kuliko la wengi. Digrii huitwa nyuzi, wingi wa uzi; kana kwamba kila duara limefumwa kwa nyuzi 360, na anayegeuka huzihesabu moja moja. Mwalimu aweza kulifanya jambo hilo kweli kwa kamba, mambo mawili na vumbi la uwanja.

Mashindano makubwa yaliyofanyika vijijini Tanga, si mbali na mlima, yakaisha 2019, yaliwapa watoto karibu 3,000 tabuleti zinazochajiwa kwa jua, ziwafundishe kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalifaa, na wengi walijifunza. Ila humo tabuleti ndiyo iliyouliza na mtoto ndiye aliyejibu. Papert alishikilia tangu mwanzo kuwa mambo yageuzwe: mtoto aamuru, mashine itii, hata kwa amri iliyokosewa, ili mtoto alione kosa lake likitembea mbele ya macho yake.

Uwanja wa shule mlimani, hata bila ya umeme, una kosa lake la pekee la kuonyesha. Jiwe huwekwa chini, mmoja huwa kobe, mwingine husoma: mbele hatua kumi, kulia nyuzi tisini, rudia mara nne. Kobe hupanda hatua kumi, na kwa kuwa anapanda, ni fupi. Hukata ubavu kumi. Hushuka kumi, na mteremko humrefushia mguu. Hukata tena ubavu kumi. Pembe zote zimegeuzwa barabara na hesabu imetimia, lakini jiwe liko juu yake, pengine kwa urefu wa mtu. Amri haina kosa, kobe hana kosa, na mraba haukufunga. Hapo ndipo mtoto mmojawapo husema hatua zipimwe kwa kamba.