Uzi: Je, polisi wanashambuliwa zaidi siku hizi kuliko zamani?

Kila baada ya maandamano makubwa swali hili hurudi kwenye runinga. Mgeni mmoja anasema polisi hawajawahi kushambuliwa hivi tangu uhuru. Mwenzake anajibu ati hizo ni hadithi za kuhalalisha risasi. Wanarushiana maneno mpaka matangazo ya biashara yaingie. Mimi nafundisha historia, tena nimekulia kwenye laini za polisi kwa sababu baba alikuwa AP. Kaeni hapa kidogo.

Swali la kwanza: zaidi kuliko lini?

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, miezi mitano baada ya hali ya hatari kutangazwa, wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha. Walibeba bunduki na risasi, wakawafungulia mahabusu. Darasani nakifundisha kisa hicho kama ushujaa, na sioni haya. Kituo kililengwa kwa sababu silaha zilikuwa hapo, na kwa sababu kwa mwananchi wa kawaida serikali ilikuwa ni hicho kituo. Gavana hukumwona. Askari ulimwona kila siku. Hilo halijabadilika sana, na nitalirudia.

Uhuru ulikuja, vita vya Shifta vikaanza kule kaskazini mashariki mwaka huohuo wa 1963, vikaenda hadi 1967. Vituo vya polisi vilikuwa shabaha tena. Kwa hivyo anayesema zamani askari alikuwa anaheshimiwa na kila mtu anaikumbuka Kenya ya mtaa wake tu.

Sasa njoo Novemba 2012, Baragoi. Ng'ombe walikuwa wameibwa, polisi wakatumwa bonde la Suguta kuwafuata. Bonde hilo ni joto, mawe na makorongo, na waliokuwa wakisubiri walilijua kuliko ramani yoyote. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao polisi pamoja na polisi wa akiba. Baadhi ya maafisa walikuwa wametoka chuoni juzi tu. Hakuna tukio moja tangu uhuru lililoua polisi wengi hivyo.

Nakumbuka wiki ile vizuri. Baba alikuwa ameshastaafu lakini bado tulikuwa na jamaa kwenye laini. Mama alikuwa anapiga simu nyumba kwa nyumba akiuliza nani yuko wapi, na wanawake wenzake walikuwa wanafanya vivyo hivyo. Majina yaliwafikia kabla ya serikali kusema chochote. Miaka miwili baadaye, 2014, ikawa Kapedo, karibu maafisa 20. Watu wale wale wa laini, simu zile zile.

Kwa hivyo ukihesabu vifo kwa tukio moja, mwaka mbaya haukuwa mwaka wa maandamano. Ulikuwa mwaka wa wizi wa mifugo, mahali ambapo kamera za Nairobi hazifiki kwa urahisi. Na wanasiasa waliopiga kelele walinyamaza baada ya mazishi.

Kuna aina nyingine pia. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011, na miaka iliyofuata polisi wa Garissa, Wajir, Mandera na Lamu wakawa wanakanyaga mabomu ya kutegwa barabarani. Juni 2019 gari la polisi lililipuliwa Wajir, maafisa wasiopungua 8 wakafa. Hawa hawakuuawa na raia mwenye hasira. Lakini mtu akitaka takwimu zake zinenepe, anawaweka kwenye kapu moja na kijana aliyerusha jiwe Moi Avenue.

Hapo ndipo mjadala unapotupotosha, manake hata sheria inachanganya mambo. Kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka pamoja kumshambulia afisa wa polisi, kumpinga na kumzuia kwa makusudi asifanye kazi yake. Adhabu ni hadi miaka 5. Kwa hivyo aliyempiga askari rungu na aliyeng'ang'ania mkono wa ndugu yake asitupwe kwenye lori wanaweza kusimama kizimbani kwa kifungu kimoja. Siku ya msako mkubwa mashtaka hayo yanapanda tu. Yanapima kazi ya polisi kama yanavyopima hasira ya wananchi.

Je, hasira imeongezeka? Kwa upande wa maandamano mjini, naona ndiyo, na sitazunguka. Tarehe 25 Juni 2025 vituo kadhaa vya polisi vilivamiwa, vingine vikachomwa, na maafisa wengi wakaumia. Lakini wiki mbili na kidogo kabla ya siku hiyo, mwalimu kijana alikuwa amefia mikononi mwa polisi, ndani ya kituo. Na mwaka mmoja kabla, tarehe ileile, vijana walipigwa risasi nje ya Bunge. Nyuma zaidi, tume iliyochunguza ghasia za 2007/08 ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilikuwa vya risasi. Wengi wa hao wa risasi walipigwa na polisi. Nasema hivi nikijua kuna watoto wa laini watakaonuna. Nuneni tu, mimi ni mmoja wenu.

Watu hawachomi kituo kwa sababu wanamjua konstebo wa zamu. Wanachoma kilicho karibu. Konstebo huyo analala kwenye nyumba ya mabati, amepelekwa huko na mtu ambaye hatakuwepo mawe yakianza kurushwa. Baba alikuwa akisema hivyo kwa maneno makali zaidi, hayafai hapa.

Kwa hivyo ukisikia mtu kwenye jukwaa anasema "wameongezeka", muulize mambo matatu kabla ya kupiga makofi: anahesabu vifo au mashtaka, anahesabu Suguta au Nairobi, na ameanzia mwaka gani. Wengi huanzia 2024. Akianzia 2012, hesabu yake inageuka.

Kuhusu polisi wa akiba, waliokufa nao Baragoi na karibu hakuna anayewataja, nitaandika uzi mwingine.