Balozi wa Nyumba Kumi Katumwa na Nani?

Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa "nenda kwa balozi", haendi kuomba viza. Anavuka uchochoro mpaka kwenye nyumba yenye mlingoti na bendera ya kijani, anapiga hodi, na mama aliyekuwa anachambua mchele barazani anajifuta mikono amsikilize. Huyo ndiye balozi, na cheo chake kinaitwa ubalozi, sawasawa na jumba la Wafaransa au Wachina.

Neno lenyewe limetembea. Dola ya Venice ilimwita bailo mwakilishi wake wa Istanbul. Waturuki wakasema balyoz. Kwenye Ghuba jina hilo likampata mwakilishi wa Waingereza. Huku pwani likawa balozi. Unguja ilimpokea balozi wa Marekani mwaka 1837 na wa Uingereza mwaka 1841. Ukilifuata neno hadi kwenye Kilatini unakuta baiulus, yaani mchukuzi wa mizigo. Aliyewahi kusuluhisha ugomvi wa wapangaji saa sita za usiku hatashangaa.

Chama cha TANU kilipounda vikundi vya nyumba kumi kumi katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960, kiongozi wa kikundi alipata majina mawili, balozi na mjumbe. Yote ni ya mtu aliyetumwa. Katumwa na nani? Sarufi inajibu bila kusita: balozi wa Marekani ametoka Marekani, hiyo "wa" inamtaja aliyemtuma. Basi balozi wa nyumba kumi, kwa haki ya lugha, ametumwa na nyumba kumi kwenda kwenye chama.

Waliomchagua, hata hivyo, ni wenye kadi ya chama tu, na mzigo wake mwingi ulishuka badala ya kupanda: taarifa ya mkutano, michango, maagizo kutoka juu. Nadhani jina lilimtendea hisani kuliko alivyostahili. Jirani asiye na kadi alihesabiwa ndani ya nyumba kumi, lakini hakuwa miongoni mwa waliotuma.

"Mjumbe" nalo lina faraja yake. Mjumbe hauawi, wahenga walisema, kwa kuwa maneno si yake. Ila mjumbe wa methali hufikisha ujumbe akaondoka. Huyu wetu analala mlango wa pili.

(Kenya ilipouazima mfumo mwaka 2013, kwa ajili ya usalama na si kwa ajili ya chama, ilichukua jina la Nyumba Kumi, na balozi akabaki kwetu. Rwanda walikwenda mbali zaidi: kiongozi mwenyewe walimwita nyumbakumi, kana kwamba yeye ndiye nyumba.)

CCM, iliyozaliwa mwaka 1977 kwa kuungana kwa TANU na Afro-Shirazi, ina neno jingine ninalolipenda zaidi: shina. Ngazi ya chini kabisa ni shina, juu yake tawi, kisha kata. Uchaguzi wa ndani, kama ule wa 2017 na wa 2022, huanzia huko, na anayetaka uongozi shinani huomba kura kwa watu wanaojua hata deni lake la dukani. Shina halidai kumwakilisha mtu yeyote. Linasema tu ni mahali gani pa mti. Chadema wao huko chini kabisa wanapaita msingi. Mmoja anapanda, mwingine anajenga, na wote wawili wanakubaliana kwamba kazi inaanzia ardhini.

Vyama vingi viliporudi kisheria mwaka 1992, balozi alibakiwa na chama chake, na barua za utambulisho zikawa za serikali ya mtaa. Lugha haikusoma sheria hiyo. Watu wanaendelea kusema "barua ya mjumbe", hata kama iliyo mkononi imegongwa muhuri wa mtendaji. Na kwa kuwa kamati ya mtaa nayo ina wajumbe, mgeni anayeulizia njia ya kwenda kwa mjumbe bado hurudishiwa swali: wa chama, au wa serikali?