Ardhi Iliyopotea Ndani ya Mashine ya Pinboli

Wanafunzi wanaonung'unika kwamba kanuni ya Ohm haina kazi nje ya chumba cha mtihani, na wasikilize kisa hiki cha Chicago, Marekani.

Pinboli ni meza ya mchezo yenye kioo juu, ambamo gololi ya chuma huteremka ikigonga vituo vya kuhesabia alama. Kampuni ya Gottlieb, iliyoanzishwa mwaka 1927, ndiyo iliyotoa Humpty Dumpty mwaka 1947, mashine iliyoleta vipigio vya umeme vya kuirudisha gololi juu. Kwa miaka thelathini hivi kazi ya ndani ilifanywa na rilei na mota. Kisha kompyuta ikaingia, na balaa nayo.

Mtambo wao wa System 80 ulianza mwaka 1980, ukatumika katika Black Hole (1981) na Haunted House (1982). Ndani yake bodi ya kompyuta na bodi ya kuendesha koili ziliungwa kwa plagi zinazobana ukingo wa bodi, na umeme uliporudi ulipitia plagi hizo hizo. Njia hiyo ya kurudia ndiyo mafundi waitayo ardhi. Plagi ikilegea au ikishika kutu, ukinzani huongezeka. Tuseme ampea 2 zinapita penye ukinzani wa omu 0.5: ardhi ya kompyuta itapanda kwa volti 1. Kompyuta ikiamuru "zima", transista ya upande wa pili huona volti 1, nayo huamshwa na volti 0.6 tu! Koili iliyokusudiwa kuvuta kwa sehemu ya nukta hung'ang'ania, huwaka moto, na transista huungua. Isitoshe, betri iliyokuwa juu ya bodi ya kompyuta ilizoea kuvuja na kuzila plagi za jirani.

Fundi mwenye pupa hubadilisha transista, ikaungua tena, akailaumu kompyuta. Kwa maoni yangu huko ni kumtibu mgonjwa homa bila kupima damu. Dawa ni voltimita: mashine ikiwa imewashwa, pima kati ya ardhi ya kila bodi na ardhi ya penye transfoma. Ikikaribia sifuri, salama. Ikizidi, zima mashine, safisha plagi, kisha lehemu waya mnene kutoka ardhi ya bodi moja kwa moja hadi kwenye transfoma, usizitegemee plagi tena.

Ardhi hiyo isichanganywe na erthi ya usalama, ule waya wa tatu wa plagi ya ukutani. Mashine nyingi za miaka ya 1950 hazikuwa nao kabisa. Waya ukichubuka ndani, sehemu za chuma za nje ziliweza kumrusha mchezaji.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1984. Sisemi ardhi ndiyo iliyokiua, maana michezo ya video ilikwisha kunyakua wateja. Jina la Gottlieb liliendelezwa na kampuni nyingine hadi 1996, na wanaozihifadhi mashine zile hulehemu kwanza waya za ardhi ndipo wathubutu kuziwasha.