Kabla Unicheke Juu ya "Your", Sikia Hii Stori

Juzi niliweka video, juu yake nikaandika "Your the best". Hata chai haijapoa, mtu akaniandikia: "Ndio maana uliacha kampasi." Watu wakacheka. Na mimi nikajifanya nacheka, lakini iliniuma, sitadanganya. Nikafuta video, nikaanza kutafuta: haya maneno ya Kizungu yanayosikika sawa na kuandikwa tofauti yalitoka wapi?

Wasee, mengi yake zamani hayakuwa yanasikika sawa. Chukua "knight" na "night". Mwingereza wa miaka 600 iliyopita alitamka ile K kabisa, na GH ilikuwa na sauti kama ile ya mwisho kwa "sheikh". Hata "meat" na "meet" vokali zake zilitofautiana.

Halafu mambo mawili yakagongana. Mwaka wa 1476 William Caxton alifungua pale Westminster mtambo wa kwanza wa kupiga chapa Uingereza. Polepole, vitabu vikagandisha tahajia ya zamani. Na midomo ya watu nayo ilikuwa inabadilika: vokali ndefu zikahama, K ya "knight" ikanyamaza. Samuel Johnson anatoa kamusi yake 1755, sauti zishaenda lakini herufi ziko palepale, kama bango la duka lililohama kitambo.

Na si yote asili yake ni moja. "There" ni ya wenyeji, "their" ililetwa na Waviking.

Sasa sisi tumelelewa na Kiswahili. Kamati ya kukisanifisha ilipoanza kazi 1930, herufi ziliendelea kufuata sauti: unavyosema ndivyo unavyoandika. Ukitoka hapo uende kwa "hear" na "here", lazima ukwame kidogo.

Mimi siku hizi najisaidia hivi. "You're" ni "you are" iliyokatwa. Kama "wewe ni" haiingii hapo, andika "your". Ndani ya "hear" kuna "ear", sikio. Ndani ya "there" kuna "here", kwa hivyo ni mahali. Ndani ya "their" kuna "heir", mrithi, kwa hivyo ni mali ya watu.

Video nimeirudisha, imerekebishwa. Na wewe wa ile komenti: kampasi niliacha juu ya karo. Kusoma bado nasoma.