Kipande Kilichobaki

Siku chache kabla ya Idi, vibanda vya nguo vya Kibiti mjini hujaa magauni ya watoto wa kike. Yapo ya marinda, ya lesi, na yenye utepe mpana unaofungwa nyuma. Upande wa wavulana una vitu vinne: kanzu ndogo, jinzi ngumu yenye maandishi yasiyosomeka, jezi ya Simba au Yanga, na suti ya vipande vitatu inayomfanya mtoto wa miaka sita aonekane kama diwani anayekwenda kuapishwa. Mama aliyetoka deltani, akavizia maji yajae ili boti iondoke, akashuka Nyamisati na kupanda gari mpaka Kibiti, huvizunguka vibanda hivyo mara tatu. Mwisho hununua jezi.

Nimekulia huku, na sababu za wauzaji na wazazi nazijua kwa moyo. Wavulana hawajali nguo. Wavulana wanachana. Wavulana wanakua haraka, ukinunua leo mwakani haimtoshi. Zote zina ukweli ndani yake, lakini wasichana nao wanakua. Nilipoanza kusoma habari za nguo katika pwani yetu niliona jambo moja likijirudia kwa karibu miaka mia mbili: ni mara chache sana mvulana wa huku alishonewa chake. Kila zama zilimpa kipande kilichobaki kwenye nguo ya mtu mwingine.

Tuanze na vipimo. Mwaka 1833 Sultani Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na haukupita muda mrefu pamba nyeupe iliyofumwa Massachusetts, ikapakiwa meli katika bandari ya Salem, ikaenea Unguja na bara. Watu waliiita merikani, na mpaka leo fundi ukimwambia merikani anajua unataka nini. Pembeni yake kulikuwa na kaniki, kitambaa cheusi kilichotiwa rangi ya nili India. Vitambaa hivi vilikuja kwa jora na kukatwa kwa shuka na doti. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na mkono wenyewe ulipimwa toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha mtu mzima. Hapakuwa na kipimo cha mtoto. Mvulana alipigwa winda kwa kipande kilichobaki, na asiyepata kipande alitembea kama alivyozaliwa mpaka wakubwa waone haya kwa niaba yake.

Katika zama hizo nguo ilikuwa pia cheti. Mtumwa wa pwani hakutarajiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu. Kanzu na kofia vilikuwa vya waungwana. Utumwa ulipofutwa, Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, watu walioachwa huru walikimbilia kanzu na kofia kabla ya vitu vingine vingi. Hivyo mvulana aliyevishwa kanzu nyeupe na kushikwa mkono kwenda Ijumaa alibeba habari kubwa: baba yake ni mtu huru. Sioni ajabu kwamba kanzu ndogo haijatoka katika vibanda vya Kibiti mpaka leo. Lakini tangu mwanzo ilikuwa kanzu ya baba iliyopunguzwa, na habari iliyoibeba ilikuwa ya baba.

Kisha ikaja pamba. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianza kuwalazimisha watu wa pwani ya kusini kulima mashamba ya pamba ya pamoja chini ya majumbe. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba mahali pengine wakulima walikataa kuyapokea. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, kusini ya Rufiji, watu waling'oa mashina ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Shuleni tulifundishwa juu ya maji na risasi. Mimi huwa nafikiria zaidi lile zao lenyewe. Watu walipigwa viboko ili walime malighafi ya nguo, ikapanda meli kwenda Ulaya, nao wakabaki kununua kaniki dukani, upande kwa upande. Pamba ile haikulimwa ili mtoto wa Rufiji avae.

Nguo ambayo ukoloni ulimwachia mvulana ni kaptula ya kaki. Ilianza kwa askari, ikaenda kwa tarishi na mtumishi wa nyumbani. Tazama mambo yalivyopinduka: mwanamume mwenye wake na wajukuu aliitwa "boi" na kuvalishwa kaptula, huku mwanawe aliyepata bahati ya kwenda shule akivalishwa kaptula ya askari na kupangwa mstarini. Uhuru ulikuja, bendera ikabadilika, kaptula ikabaki. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, watu wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa vijiji vya ujamaa katika ardhi ya juu, karibu na shule na barabara. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likasukuma elimu ya msingi kwa wote. Wavulana wengi wa hapa walipata nguo yao ya kwanza nzima kwa sababu mwalimu aliidai.

Bibi yangu husema kaptula ya shule ilikuwa na kazi tatu: shule, Idi na msiba. Ilifuliwa usiku, ikaanikwa juu ya figa zenye joto, na asubuhi ilivaliwa ikinukia moshi. Ikitoboka makalioni iliwekewa viraka viwili vya duara, kama miwani.

Lakini si tulikuwa na viwanda? Tulikuwa navyo. Urafiki ilifunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kulikuwa na Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, Kiltex, Sunguratex. Nguo zilizowapa jina ni kanga, vitenge na mashuka. Kanga ina maisha marefu ndani ya nyumba. Ikichakaa kwa mama inakuwa gauni la binti, kisha nepi ya mchanga, kisha tambara la jikoni. Mvulana amerukwa katika mnyororo huo, kwa sababu mtoto wa kiume anayevaa kaptula ya maua yenye methali makalioni angechekwa mpaka siku ya jando. Yeye alisubiri suruali ya baba ife. Suruali hufa makalioni kwanza, miguu ikiwa bado mizima, hivyo fundi alikata miguu na kuiunganisha kuwa kaptula moja. Wakati wa uhaba, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, viwanda vilipokosa vipuri na kitambaa kikawa cha foleni, hata suruali za baba zilikataa kufa. Zilivaliwa tu.

Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na nguo za mitumba, ambazo kabla ya hapo watu waliziita kwa kejeli "kafa Ulaya", zikamwagika nchini. Kwa wazazi wa huku ilikuwa nafuu kubwa. Msichana wa Kibiti aliweza kuvaa gauni ambalo mama yake hakuliota. Kwa mvulana, belo lilikuja na tatizo ambalo wauzaji wanalijua vizuri: lina nguo chache za kwake, na kadiri umri unavyopanda ndivyo zinavyopungua. Za wachanga ni nyingi kwa sababu mchanga hachani kitu. Gauni la msichana huvaliwa siku za sherehe na kutolewa likiwa zima. Suruali ya mvulana wa miaka minane, awe wa Hamburg au wa Bungu, huisha magotini kabla haijawa ndogo, na iliyotoboka haiwekwi kwenye belo, inatupwa kulekule. Kinachotufikia ni masalia ya masalia.

Ndiyo maana wavulana wengi wa rika langu walivaa nguo za wasichana bila kutaka. Mdogo wangu alinunuliwa shati jeupe zuri kwa ajili ya Idi, kola imesimama, mikono imenyooka. Wenzake barazani waligundua kwamba vifungo viko upande wa kushoto, kama vya kike. Alirudi nyumbani kabla ya pilau kuiva, na shati lile hakulivaa tena. Alikuwa na miaka tisa. Kwa hiyo mtu akiniambia wavulana hawajali nguo, nauliza alimuuliza mvulana gani.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vifufuke. Marekani ilitishia kuondoa nafuu za biashara, na ni Rwanda pekee iliyoshikilia msimamo. Mjadala ule ulikuwa wa ajira, ushuru na heshima ya taifa. Sikumsikia mtu akiuliza nani atamvisha mtoto wa Mbuchi katikati ya safari hiyo.

Aprili 2024, Rufiji ilipofurika na maji kuingia katika nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, nilishiriki kuchambua rundo la nguo zilizochangwa kwa waathirika. Tulitenga mafungu. Fungu la akina mama lilikuwa kilima, la wasichana kichuguu, la wachanga mfuko umefura. La wavulana wa miaka sita hadi kumi na mbili lilikuwa fulana kadhaa na pensi moja isiyo na zipu. Waliochangia hawakuwa wachoyo. Hawakuwa nazo.

Kwa nini basi mafundi wetu wasishone? Nimewauliza, na hesabu yao ni fupi. Gauni la mtoto ni mishono michache na lastiki, na akikua unafumua pindo. Suruali ya mvulana ina zipu, mifuko, kiuno na vitanzi vya mkanda, sawasawa na ya baba yake, lakini mzazi anataka kulipa nusu ya bei. Kazi ni ileile, kitambaa kimepungua kidogo tu. Fundi anayetaka kula anashona magauni.

Kuna mahali pengine tunapojifunza hali hii mapema. Mvulana akitahiriwa hujifunga kanga ya mama yake mpaka apone. Mwali wa kike hutolewa kwa ngoma na doti mpya. Yeye anaingia utu uzima katika nguo ya kuazima, na Waswahili walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Baada ya hapo tunamwambia yeye sasa ni mwanamume, na mwanamume hababaiki na mavazi.

Hata hivyo, pale Kibiti nimeona kitu ambacho sikukikuta katika shuka, doti, kaki wala belo. Akina mama wa deltani wasioweza kumlipia mtoto nauli humtumia fundi uzi wenye mafundo. Fundo la kwanza ni kiuno, la pili ni urefu wa mguu, na wengine huongeza la tatu, nafasi ya kukulia. Fundi huunyoosha juu ya meza kando ya futi yake, anaandika namba, anakata. Bei bado wanavutana. Lakini uzi ule umezungushwa kwenye kiuno cha mvulana mmoja, anayejulikana kwa jina, na suruali itakayotoka hapo haikuwa ya mtu mwingine kabla yake.