Tarakilishi za ndege zinavyoafikiana kuepuka ajali angani

NDEGE mbili zinapokaribiana angani kiasi cha kuhatarisha maisha, marubani hawapati nafasi ya kushauriana. Mashauri hufanywa na tarakilishi zilizomo ndani ya ndege hizo, na uamuzi hutolewa kwa muda mfupi mno.

Wazo la kuipa kila ndege programu inayoamua kwa niaba yake, kisha programu hizo zishirikiane kutatua tatizo la pamoja, si geni. Mnamo 1983, Stephanie Cammarata, David McArthur na Randall Steeb wa shirika la utafiti la RAND, Marekani, walichapisha utafiti ambamo ndege za kuigiza zilizokabiliwa na mgongano ziliteua moja kati yao ipange njia ya kujinusuru. Swali gumu lilikuwa, nani apange? Iliyo na nafasi zaidi ya kukwepa, au iliyo na habari nyingi kuhusu wenzake?

TCAS, mfumo unaotumiwa katika ndege za abiria, ulifuata njia nyepesi. Tarakilishi ya kila ndege huuliza jirani yake, takriban kila sekunde, iko wapi na katika kimo gani. Hatari ikizidi, sekunde 15 hadi 35 kabla ya kukutana, humwamuru rubani apae au ashuke. Iliyoamua kwanza huiarifu ya pili, nayo hufuata upande wa kinyume. Zikichagua upande mmoja kwa wakati mmoja, yenye nambari kubwa ya utambulisho hubadili uamuzi wake. Hapana ubishi.

Hata hivyo, mapatano hayo hayakufaa kitu usiku wa Julai 1, 2002 karibu na Überlingen, Ujerumani. Ndege ya Urusi aina ya Tupolev Tu-154 iliyobeba watu 69, wengi wao watoto, na Boeing 757 ya mizigo yenye marubani wawili, zilikuwa katika kimo cha futi 36,000. Mwongozaji wa ndege mjini Zurich, Uswisi, aliyekuwa akihudumia vituo viwili peke yake, aliwaamuru Warusi washuke. Sekunde saba baadaye TCAS ikawaambia wapae, na Boeing ikaambiwa ishuke. Mashine zilikuwa zimeafikiana sawasawa. Warusi wakamtii mwongozaji, Boeing ikaitii mashine, na zote mbili zikashuka. Watu wote 71 waliangamia.

Haingekuwa haki kuwaita marubani hao wakaidi. Ripoti ya wachunguzi wa Ujerumani ya 2004 ilionyesha kwamba kanuni zilizokuwapo zilikuwa na mapengo na nyingine zilikinzana. Mwongozaji naye hakujua TCAS imeagiza nini, kwani amri zake hazikufika mezani pake.

Mnamo 2003, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilifafanua kwamba amri ya TCAS hutangulia ile ya mwongozaji. Toleo la 7.1 la mfumo huo, ambalo Ulaya ilitaka liwemo katika ndege zote za abiria zinazohusika kufikia Desemba 2015, hutambua ndege mbili zinapoelekea upande mmoja na kugeuza amri, hata rubani mmoja akikosa kutii.